Mtu wa Pwani na Ziwa Turkana

Sisi watu wa Mombasa tuna kiburi cha maji. Mtu akikwambia kaenda Kisumu kaona ziwa, unamwitikia kwa adabu, lakini moyoni unajua hajaona kitu. Ziwa kwetu ni maji yaliyotuama: hayapwi, hayajai, hayana bamvua wala maji mafu, hayajapata kuleta jahazi kutoka Maskati. Likizo ikifika tunatazama Lamu, Pemba, Unguja, na aliyejaliwa anatazama Dubai. Kule juu Kenya inakopakana na Ethiopia hapatazamwi na mtu.

Mimi kilichonipeleka ni kazi. Nilitumwa Lodwar, na kutoka Lodwar hadi Kalokol, ufukweni mwa Ziwa Turkana upande wa magharibi, ni kama kilomita 60. Nikaona si vyema nirudi Mombasa bila kuyaona maji. Tangu hapo nimekwenda tena kwa nauli yangu, upande huo na upande wa pili, na kila nikirudi nawaambia jamaa zangu barazani jambo moja: lile ni la kwetu. Wananicheka. Basi leo nimeamua kuliandika.

Kwanza muone ukubwa wake. Chukua ramani, piga mstari ulionyooka kutoka Mombasa hadi Lamu: urefu wa Ziwa Turkana unakaribia huo, kama kilomita 250 kutoka kusini hadi kaskazini. Upana ni kilomita 30 hivi na mahali pengine zaidi ya 40, kwa hiyo siku ya vumbi huioni ng'ambo. Eneo lake lote ni kilomita za mraba 6,400 na ushee. Hakuna ziwa la kudumu kubwa kama hilo lililo jangwani popote duniani. Limelala ndani ya Bonde la Ufa, mita 360 hivi juu ya usawa wa bahari, na mahali penye kina kirefu zaidi linapita mita 100. Ncha yake ya kaskazini inaingia Ethiopia, na huko ndiko anakotoka Mto Omo, ambao peke yake huleta zaidi ya asilimia 80 ya maji yote. Turkwel na Kerio ni mito ya misimu; mwaka wa ukame unaweza kuivuka Kerio bila kulowa kifundo. Na hakuna mto hata mmoja unaotoka. Maji yakishaingia, njia yake ya kutoka ni moja tu, jua.

Ndiyo maana yana ladha. Nilichota kwa kiganja nikaonja, maana mtu wa Pwani haamini maji mpaka ayatie ulimini. Si chumvi ya Bahari ya Hindi. Bahari yetu ina kama gramu 35 za chumvi kwa kila lita, ziwa lile lina kama 2.5, na chumvi yenyewe ni ya magadi, yanateleza mdomoni kama maji ya maharage yaliyotiwa magadi mengi. Watu wanayanywa, kwa sababu wengine hawana mengine. Lakini yana floraidi nyingi. Loiyangalani, mji mdogo ufukweni upande wa mashariki, utaona meno yaliyogeuka kahawia, na wazee ambao miguu yao imepinda kwa kuyanywa tangu utotoni. Rangi yake ya kijani, ambayo watalii wanaisifu na kuipiga picha, inatokana na mwani. Upepo ukilala, mwani hupanda juu na ziwa lote hugeuka kijani. Upepo ukianza, linakuwa la buluu iliyochafuka, kisha kijivu.

Na upepo ndio habari yenyewe.

Huku kwetu kila mtu anajua utaratibu: alfajiri kuna umande kutoka bara, asubuhi bahari shwari, mchana upepo unashika. Kusi ikiingia, kuanzia Aprili hivi, wavuvi wa ngalawa wanajua siku za kutoka na siku za kushona nyavu. Kule mambo ni kinyume. Upepo huanza usiku, hukaza mpaka asubuhi, ndipo hulegea kuelekea alasiri. Siku nilipokodi boti Kalokol niende Kisiwa cha Kati, nilifika ufukweni baada ya swala ya alfajiri, nimejiandaa vizuri, kofia nimeibana. Nahodha, kijana wa Kiturkana, alikuwa amekaa juu ya kisanduku cha samaki anakunywa chai ya rangi. Akanitazama.

"Ustadh, unaharakisha wapi?"

"Twende kabla upepo haujaamka, ndugu yangu."

Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Huu hauamki. Huu haujalala bado. Tungoje."

Tulingoja mpaka saa tano. Na alikuwa na haki, maana nilipoyatazama yale mawimbi vizuri yalikuwa mafupi, yamesimama, yanafuatana bila kupumua. Bahari kuu ina wimbi refu linalokuinua na kukushusha, na boti hupata nafasi ya kupanga. Wimbi la ziwa halikupi nafasi hiyo. Wavuvi hufa huko kila mwaka, na si wageni, ni watu waliozaliwa hapo. Mwaka 1934, katika msafara wa kisayansi ulioongozwa na Mwingereza Vivian Fuchs, wenzake wawili, Martin na Dyson, walivuka kwenda Kisiwa cha Kusini. Hawakuonekana tena.

Sasa, upepo huo unatoka wapi? Hapa ndipo wenzangu wa barazani wananisikiliza kidogo. Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na nyanda za juu za Kenya kuna uwazi mrefu, bonde pana la tambarare, na hewa inayotoka Bahari ya Hindi, kusini mashariki, hupenya hapo. Njia ikibana, hewa hukaza mwendo. Wataalamu Kinuthia na Asnani waliueleza upepo huo katika maandishi ya kisayansi mwaka 1982, na leo watabiri wa hali ya hewa wanaufuatilia kwa sababu unabeba unyevu wa bahari kuupeleka bara. Yaani upepo unaokupiga kifuani Loiyangalani ni jamaa wa huo unaopeperusha leso za mama zetu pale Mama Ngina. Umepita tu jangwani ukakauka na kupandwa na hasira.

Na umeme unaotuwashia feni huenda umetoka huko pia. Kusini mashariki mwa ziwa, kaunti ya Marsabit, kuna mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310, iliyoanza kuingiza umeme kwenye gridi ya taifa mwaka 2018 kwa nyaya za zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Ilibidi kwanza barabara ya kilomita 208 kutoka Laisamis itengenezwe ili mapanga ya mitambo hiyo yapite. Wenyeji wamepeleka kesi kuhusu ardhi, na mwaka 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo hazikutolewa kwa utaratibu. Ukipita pale usiku utaona taa nyekundu juu ya minara, na vijiji vilivyo chini yake viko gizani. Mnisamehe, siwezi kulipamba hilo.

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha nyangumi. Mwaka 1964, mahali panapoitwa Loperot, kusini magharibi mwa ziwa, mtafiti Mmarekani aliokota kisukuku cha fuvu. Mwaka 1975 likaandikwa kuwa ni la nyangumi, wa aina ile yenye mdomo mrefu inayoishi katika kina kirefu cha bahari. Kisha kisukuku chenyewe kikapotea ghalani huko Marekani, miaka na miaka, mpaka kilipopatikana tena mwaka 2011. Umri wake ni miaka milioni 17. Nyangumi yule aliacha Bahari ya Hindi akaingia mtoni, akapanda na maji, akapanda, akakwama na kufa kilomita 740 kutoka ufuo wa leo. Angewezaje? Wanasayansi walichapisha jibu mwaka 2015: nchi ilikuwa chini wakati huo, tambarare yenye mvua na mto mpana unaoteremka polepole hadi baharini. Baadaye ardhi ya Afrika Mashariki ikainuliwa kutoka chini, bonde likapasuka, mvua zikakatika. Mahali alipofia mgeni wetu leo ni mita 620 juu ya bahari, na kinachopita ni mbuzi na ngamia.

Wakati mwingine ziwa hilo limeelekea upande wa pili kabisa. Kiasi cha miaka elfu saba iliyopita, mvua zilipokuwa nyingi, lilijaa mpaka likafurika kaskazini magharibi na kuungana na Mto Nile. Ndiyo sababu samaki wake ni ndugu za samaki wa Nile: mbuta, ngege, kambare, na yule samaki wa meno ya nje ambaye wavuvi wanamshika kwa tahadhari. Mamba nao ni wa Nile.

Kabla ya Mzungu yeyote kuchora ramani yake, habari za ziwa zilikuwa zimeshafika Pwani midomoni mwa wafanyabiashara wa pembe za ndovu. Mwanahistoria wa shule atakwambia kwamba Count Teleki wa Hungary na mwenzake von Höhnel "waligundua" ziwa hilo Machi 1888. Walichokifanya ni kufuata msafara wa wapagazi kutoka Pwani, na kiongozi wao wa njia alikuwa Jumbe Kimemeta, Mswahili wa Pangani, mfanyabiashara aliyeijua bara kuliko wao. Walipofika ufukweni, watu wenye kiu ya siku nyingi waliyakimbilia maji wakakuta yana magadi. Naweza kukisia maneno yaliyotoka pale, na si ya kuandikwa hapa. Ziwa likapewa jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria ambaye hakulitia machoni na aliyefariki mwaka uliofuata, nalo likabaki na jina hilo hadi 1975 lilipoitwa Turkana. Msafara ule ulimalizia Mombasa, Oktoba 1888. Kwa hiyo mji wa kwanza kusikia habari zote, kutoka kwa watu walioliona, ulikuwa huu wetu. Tumezisahau.

Nirudi kwenye boti. Kisiwa cha Kati ni saa moja hivi kutoka Kalokol, upepo ukiruhusu. Ni volkano tupu, mawe meusi na majivu, na ndani yake kuna maziwa matatu madogo yaliyokaa katika makasoko, kila moja na rangi yake. Moja linaitwa la Mamba, moja la Flamingo, moja la Ngege. Unapanda ukingo kwa miguu, changarawe zinateremka nyuma yako, na juu unasimama ukiwa na ziwa kubwa upande mmoja na ziwa la kijani mfano wa uchafu wa shaba upande wa pili. Mamba hutaga hapa. Watoto wao huanguliwa mvua zinapoanza, Aprili na Mei, na ukiwa na bahati utawasikia kabla hujawaona, wanalia mle mchangani kwa sauti nyembamba na mama anakuja kuwafukua. Makadirio ya katikati ya miaka ya 1960 yalikuwa zaidi ya mamba 12,000 katika ziwa zima. Walinusurika na biashara ya ngozi kwa sababu ngozi ya tumbo ya mamba wa Turkana ina vifundo vigumu, na wanunuzi wa mikoba hawakuitaka. Wavuvi wanasema sasa wamepungua sana, na sababu wanayoitaja wenyewe ni nyavu.

Ndege sikuwa na habari nao. Nilitarajia flamingo na mwari, nikawaona. Kilichonishangaza ni vitwitwi. Wale wale wadogo wanaokimbia ukingoni mwa maji pale Mida na kwenye matope ya Tudor maji yakipwa, wapo Turkana kwa makumi ya maelfu wakati wa baridi ya Ulaya. Wanazaliwa karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, wanavuka jangwa la Sahara, na ziwa hili ni kituo chao kikubwa. Kwa sababu hiyo na nyinginezo, hifadhi tatu za ziwa, yaani Sibiloi, Kisiwa cha Kati na Kisiwa cha Kusini, zimo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO: ya kwanza na ya pili tangu 1997, ya tatu ikaongezwa 2001.

Sibiloi iko mashariki na ni safari ya watu wenye gari zuri na subira. Ilitengwa mwaka 1973 hasa kwa ajili ya visukuku. Koobi Fora ndipo Bernard Ngeneo alipoona, mwaka 1972, vipande vya fuvu maarufu la mtu wa kale linaloitwa 1470 kwa namba yake ya makumbusho. Ng'ambo, Nariokotome, Kamoya Kimeu aliona kipande cha mfupa mwaka 1984, na kikachimbuliwa kiunzi karibu kizima cha kijana aliyeishi miaka milioni moja na nusu iliyopita. Wakenya hawa wawili wanastahili barabara zenye majina yao katika kila mji, kwa maoni yangu. Wanyama hai Sibiloi wapo, choroa, nyamera, pundamilia wa mistari myembamba, ila si wa kukaribia gari kama Tsavo. Ukitaka simba wa kupiga picha, Voi ni karibu na ni rahisi.

Loiyangalani ndipo ningependa watu wa Pwani wafike. Kuna chemchemi za maji matamu, mikoma imesimama kama ile ambayo watoto wetu hutafuna makoma yake, na watu wa makabila manne wanauziana samaki na mbuzi. Kuna makumbusho ya jangwa kilimani. Mwaka 2008 walianzisha tamasha la utamaduni, na ukilipata, usiku hulali. Karibu na hapo wanaishi Waelmolo, miongoni mwa jamii ndogo kabisa Kenya, watu wa uvuvi mtupu katikati ya wafugaji. Zamani walivua kwa chusa wakiwa juu ya chelezo za magogo ya mkoma, na waliwinda viboko kwa silaha hiyo hiyo kabla sheria haijakataza. Nilikaa na mzee mmoja akitengeneza wavu. Vidole vyake vilikwenda vile vile kama vya ami yangu wa Likoni: nyuzi imepita kati ya kidole gumba na cha pili, kijiti cha kupimia matundu mdomoni, fundo, vuta, fundo. Hatukuwa na lugha ya kuelewana vizuri, maana Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Nilishika upande wa pili wa wavu tukaendelea.

Mzee yule aliniambia kwa mkono mahali makaburi ya wazee wao yalipokuwa. Pako majini. Na hapa ndipo hadithi ya ziwa inapokuwa ngumu. Ethiopia ilizindua bwawa la Gibe III juu ya Mto Omo mwaka 2016, lenye uwezo wa megawati 1,870, na bondeni mwake kuna mashamba makubwa ya miwa yanayonyweshwa kwa mto huo huo. Watu wengi, nikiwemo, tuliamini ziwa litakauka. Mwaka 2018 UNESCO ikaliweka katika orodha ya urithi ulio hatarini. Kisha mvua kubwa zikaja, maziwa yote ya Bonde la Ufa yakapanda, na Turkana likapanda nayo, likameza nyumba Kalokol, likameza mabanda ya wageni Eliye Springs, na kijiji cha Waelmolo cha Komote kikageuka kisiwa, watoto wanakwenda shule kwa boti. Wapo wanaosema basi hofu ya bwawa ilikuwa bure. Sikubaliani nao. Zamani Omo ilifurika kwa msimu wake, ikaleta tope na chakula, na samaki wakajua wakati wa kutaga. Maji yakiwa mengi lakini yanafunguliwa kwa bomba la mtu mwingine, ziwa halina msimu tena, na mvuvi hali kina cha maji, anakula samaki.

Na samaki wale walishaponza watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Norway ilikamilisha Kalokol kiwanda cha kugandisha samaki, chuma na zege, katikati ya joto linalopita nyuzi 35. Umeme na maji safi ya kukiendesha vikagharimu kuliko minofu yenyewe. Kikafungwa. Nilipopita pale watu walikuwa wanaanika samaki wao juani, chumvi na upepo, sawa na ng'onda wetu, na malori yanawachukua. Hakuna aliyehitaji kufundishwa.

Kwa atakayekwenda kutoka huku: treni hadi Nairobi, kisha uchague. Magharibi ni rahisi, kwa ndege hadi Lodwar au kwa basi kupitia Kitale, na ningemwanzisha mtu huko. Mashariki ni Marsabit na Laisamis, au Maralal na South Horr ukipenda mawe. Pande mbili hizo haziunganiki kwa gari ila kwa kuzunguka mbali, kwa hiyo usipange zote kwa wiki moja. Kaskazini kabisa karibu na mpaka, Todonyang, uliza usalama kwanza, kwani wavuvi wa pande mbili wamekuwa wakiuana. Kuogelea, oga chemchemi. Ziwani utaona watoto wanaruka majini, lakini wao wanajua mamba wako wapi, wewe hujui. Beba viatu vya soli ngumu, kitambaa cha kufunika uso, pesa taslimu. Na Kalokol, usimwambie nahodha saa ya kuondoka. Muulize yeye. Kisha muulize jaketi za kuokolea ziko ngapi, uzione kwa macho, ndipo utoe pesa.